Ingekuwaje Kama: kwa anayeanza kusoma historia mbadala na riwaya za maangamizi

Anayeanza kusoma riwaya za historia mbadala, zinazobuni historia iliyofuata njia tofauti na yetu, au za maangamizi, ambamo janga linavuruga dunia, kwa kawaida huvutwa na swali kubwa lililoandikwa nyuma ya jalada. Ingekuwaje kama Hitler angeshinda vita? Kama nafaka zote zingekauka? Kama Japani ingezama? Swali hilo ni la muuza vitabu. Ukiling'ang'ania utachoka mapema, kwa sababu mwandishi mzuri hulijibu kurasa za mwanzo kisha akahamia kwenye mambo yanayomkera kweli.

Kwa historia mbadala, jiandae kabla ya kufungua kitabu: soma kidogo kuhusu kilichotokea kweli. Huhitaji shahada. Kurasa mbili za ensaiklopidia zinatosha, ila usiguse muhtasari wa riwaya yenyewe. Sababu yake utaiona ukisoma Fatherland ya Robert Harris, iliyotoka mwaka 1992. Ni Berlin ya 1964, Ujerumani ya Hitler imeshinda vita, na mpelelezi wa polisi anachunguza kifo cha mzee mmoja aliyeopolewa majini. Kumbe wanaouawa ni maofisa waliokaa kwenye kikao kilichofanyika kweli huko Wannsee, tarehe 20 Januari 1942, kuratibu mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya. Katika dunia ya kitabu, siri hiyo imefukiwa. Wewe unaijua, mpelelezi haijui, na unamtazama akiisogelea hatua kwa hatua. Hofu yote ya riwaya imo humo. Asiyejua Wannsee ni nini ataambulia hadithi ya polisi tu. Nzuri, lakini nusu ya kitabu imempita.

Jambo la pili ni kuitafuta njia panda, pale historia ya kitabu ilipoachana na yetu. Wapo waandishi wanaokuonyesha waziwazi. Philip K. Dick, katika The Man in the High Castle ya 1962, anaidondosha katikati ya maongezi na kuendelea na safari. Katika historia ya kweli, Februari 1933 mjini Miami, Giuseppe Zangara alimfyatulia risasi Franklin Roosevelt, rais mteule wa Marekani, akamkosa. Aliyepigwa na baadaye kufariki ni meya wa Chicago, Anton Cermak. Katika riwaya Roosevelt anauawa, Marekani inadhoofika, na miaka mingi baadaye Wajerumani wanatawala upande wa Atlantiki na Wajapani upande wa Pasifiki. Hakuna sura hata moja ya vita. Kuna duka la vitu vya kale San Francisco, ambako Mmarekani anawauzia mabwana wa Kijapani kumbukumbu za taifa lake mwenyewe, nyingine za kughushi, huku akipima kila salamu isije ikawaudhi. Mahali kama hapo punguza mwendo. Angalia nani anampisha nani, nani anacheka kwanza, bei inatajwaje. Kushindwa vita kunaonekana dukani humo kuliko katika ramani yoyote.

Kisha ujizoeze kuuliza: Afrika iko wapi? Wasomaji wa Marekani wanaweza kulipita swali hili, sisi hatuwezi. Katika riwaya hiyohiyo ya Dick, Wanazi wameliangamiza bara letu, na habari yenyewe inapita katika mawazo ya wahusika kwa sentensi chache. Naamini alikusudia tushtuke. Hata hivyo, bara zima limetumika kuonyesha ubaya wa watu wengine, na hakuna Mwafrika hata mmoja anayefungua kinywa. Ukishaliona hilo mara moja, utaliona katika vitabu vingi.

Ndiyo maana nampendekezea kila mgeni asome angalau kimoja kati ya vile vinavyoiweka njia panda huku kwetu. Everfair ya Nisi Shawl, ya 2016, inaanzia katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ile aliyoifanya mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Katika riwaya, wasoshalisti wa Uingereza na wamisionari weusi wa Marekani wananunua ardhi kutoka kwa Leopold na kuanzisha nchi huru, na waliokatwa mikono wanatengenezewa mikono ya chuma. Inabadilisha wahusika na miaka haraka mno, sikufichi. Weka karatasi ya majina pembeni.

Unholy Land ya Lavie Tidhar (2018) iko karibu nasi zaidi. Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi eneo la uwanda wa Uasin Gishu, mpango ulioitwa wa Uganda ingawa sehemu hiyo leo iko Kenya. Ujumbe ulitumwa kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, ukaukataa mpango huo. Tidhar anauliza: na kama wangekubali? Msomaji wa Eldoret atakuwa na swali lake pia, kwa sababu miaka hiyohiyo Wanandi walikuwa bado vitani na Waingereza, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Swali hilo nenda nalo kitabuni. Kuna ukuta unajengwa humo; chunguza umejengwa dhidi ya nani. Abdourahman Waberi wa Djibouti, yeye aligeuza meza yote: mwaka 2006 aliandika riwaya ambayo Afrika ni tajiri na wakimbizi wanatoka Ulaya. Ni fupi, ya Kifaransa, ipo pia kwa Kiingereza, na inachekesha kwa uchungu.

Riwaya za maangamizi zinataka jicho tofauti. Hapa huhitaji kusoma historia kwanza. Ingia jikoni kwako. Chukua The Death of Grass ya John Christopher, ya 1956, ambayo ndiyo ningempa mtu aanze nayo kwa kuwa ni fupi na haina mbwembwe. Virusi vinaua mpunga China, kisha vinabadilika na kushika jamii yote ya nyasi. Waingereza wa kitabuni wanaomboleza mkate. Wewe weka kitabu chini na uhesabu: mahindi ni jamii ya nyasi, mtama pia, ulezi, mchele, ngano, hata muwa. Ugali umekwenda, wali umekwenda, chapati, uji, sukari ya chai. Malisho ya ng'ombe yamekwenda, na maziwa nyuma yake. Umebaki na muhogo, viazi, ndizi, maharage na samaki. Je, majirani zako wangapi wana shamba la muhogo? Ukifika hapo utaelewa kwa nini mhandisi mpole anayetoka London na familia yake kuelekea shamba la kaka yake anakuwa muuaji ndani ya siku chache tu. Wakulima wa Bomet, Kenya, waliouona ugonjwa wa virusi ukikausha mahindi yao mwaka 2011 hawatahitaji kubembelezwa waamini sura za mwanzo.

Hapo pia utajifunza kusamehe. Mpe mwandishi uongo mmoja. Usibishane naye kama virusi vya namna hiyo vinawezekana. Umemruhusu hicho kimoja. Baada ya hapo mbane: je, watu wanaishi kama watu? Petroli inatoka wapi mwezi wa tatu? Nani anafukia maiti? Sakyo Komatsu alipoizamisha Japani katika riwaya yake ya 1973, iliyouzwa mamilioni ya nakala, kuzama kulikuwa ndio uongo wake, ingawa aliupamba kwa jiolojia ya kisasa ya wakati ule. Uzito uko kwenye vikao vya serikali: watu zaidi ya milioni mia moja wapelekwe wapi, na nchi gani itawapokea? Tahadhari moja: tafsiri ya Kiingereza ya miaka ya 1970 ilifupishwa. Ukiona mambo yanarukaruka, huenda kasoro si ya Komatsu. Kwa kitabu chochote cha tafsiri, tazama kurasa za mwanzo uone kama wameandika kwamba kimepunguzwa.

Misururu ya vitabu kumi iache kwanza. The Years of Rice and Salt ya Kim Stanley Robinson, ya 2002, nayo isubiri hadi uwe na pumzi. Humo tauni ya karne ya 14 inafuta karibu Wazungu wote, na dunia ya Waislamu, Wachina na Wahindi inaendelea kwa takriban miaka mia saba. Wahusika wanakufa na kuzaliwa upya kwa majina mengine, na wageni wengi huachia njiani hapo. Fuata herufi ya kwanza ya jina: mwenye B anarudi na B, mwenye K anarudi na K, mwenye I vivyo hivyo.