Mbio Ndefu Baada ya Miaka 60: Usiiache Kasi

Nilipofikisha miaka 58 niliona kwamba kilomita kumi nilizozizoea hapa Moshi zinanichukua muda mrefu zaidi kila msimu, nikafanya kosa la wengi wa rika langu: niliongeza kilomita na kuacha kabisa mazoezi ya kasi, nikiamini kwamba hayo ni ya vijana. Haukupita muda, kano la kisigino cha kulia likavimba, hata asubuhi nikawa nashuka kitandani kwa kushika ukuta.

Leo nina miaka 64 na nashauri kinyume chake. Umri hupunguza kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, na hilo hatuwezi kulizuia. Lakini hupunguza pia nguvu za mashavu ya miguu, ambayo ndiyo husukuma mwili mbele, na hizo zinarudi zikifanyiwa kazi. Mara tatu kwa wiki huvaa begi lenye kilo nane za mchanga, nikasimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi ya baraza, nikainua visigino, kisha nikavishusha taratibu, nikihesabu hadi tano, mpaka vipite chini ya ukingo. Hufanya hivyo mara 15, nikapumzika, nikarudia mizunguko mitatu. Maumivu madogo wakati wa zoezi niliyavumilia. Yakizidi siku ya pili, nilipunguza mchanga.

Kila Jumanne hupanda kilima cha barabara ya Mweka kwa kasi, sekunde 30 mara sita, nikirudi chini kwa kutembea. Baada ya hapo siku mbili nzima sikimbii kwa nguvu, na pumziko hilo, ambalo zamani nililiona uvivu, sasa nalitetea mbele ya yeyote. Kabla ya kuanza nilipimwa moyo na shinikizo la damu, nawe usiruke hatua hiyo.

Wapo watakaonitajia Ed Whitlock wa Canada, aliyekimbia marathoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2:54:48 akiwa na miaka 73, kwamba mazoezi yake yalikuwa saa nyingi za mwendo wa polepole makaburini. Ni kweli, ila alishindana pia mara nyingi katika mbio fupi zaidi, na kwa maoni yangu huko ndiko alikoitunza kasi yake.

Februari iliyopita nilikimbia nusu marathoni hapa nyumbani kwa saa 2 na dakika 6, pungufu ya dakika nne kuliko nilipokuwa na miaka 59. Kwenye mteremko wa kurudi mjini nilifupisha hatua, maana huko ndiko mapaja ya umri wetu yanakoumia.