Maji ya Rangi ya Chai, Mimea Inaoza: Nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina tanki la lita 80 lenye neon tetra, nikaweka gogo na majani makavu ya mkungu maana niliambiwa samaki hao wanayapenda, na kweli wamechangamka, rangi zimekolea, maji yamekuwa kama chai ya rangi. Shida ni mimea sasa. Ndani ya mwezi mmoja ile ya kutandaa chini kama nyasi imekufa yote, anubiasi niliyoifukia kwenye changarawe inaoza shinani, valisneria zimeyeyuka. Jamaa yangu anasema niweke mkaa kwenye filta nitoe rangi yote. Ivi kweli tanini, hiyo rangi inayotoka kwenye majani na gogo, inaua mimea? Haya maji nayapenda hivi yalivyo. Msomaji mwenye tanki la lita 80.

JIBU: Kwanza usiweke mkaa, tafadhali. Mkaa utaisafisha hiyo rangi ndani ya siku chache na anubiasi yako itaendelea kuoza vilevile, kwa sababu tanini haikuiua, imeoza kwa kufukiwa. Anubiasi ina shina nene linalolala kama tangawizi, na hilo shina likifunikwa na changarawe linaoza, iwe maji meupe au meusi. Ing'oe leo leo, kata sehemu yote iliyolainika na kunuka mpaka ufike kwenye nyama ngumu ya kijani, alafu kipande kilichobaki kifunge kwa uzi juu ya gogo, au tumia gundi ile ya super glue ya jeli, haina shida ikishakauka. Kipande chenye majani mawili matatu kinatosha kabisa kuanza upya, ila uwe mvumilivu maana anubiasi inatoa jani jipya taratibu sana.

Hizo nyingine mbili ni hadithi tofauti. Chota maji ya tanki kwenye glasi uyaangalie, utaona rangi ni hafifu tu, sasa fikiria mwanga unapita kwenye rangi hiyo sentimita 40 mpaka chini, tanini inameza ule wa bluu zaidi, mwekundu na wa njano unapita vizuri kiasi, yaani kinachofika kwenye changarawe ni mwanga wa jioni, na mmea wa kutandaa ndio unaotaka mwanga mkali kuliko yote. Huo achana nao. Valisneria nayo inapenda maji yenye chokaa chokaa, na kama maji yako ni laini, yaani chokaa ni kidogo, basi majani ya mkungu yameshusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) na yenyewe ikachoka. Pima ugumu wa maji kwanza kabla hujalaumu majani, kwa sababu kwenye maji magumu unaweza kupata rangi nzuri tu na pH isisogee hata kidogo.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi: ningeisogeza mimea karibu na taa badala ya kununua taa kali zaidi. Java feni, ile kangaga ya majini, na anubiasi zifungwe sehemu ya juu ya gogo, sio chini. Kwenye changarawe weka kriptokorine, hii imezoea kivuli, na ufukie kidonge cha mbolea karibu na mizizi maana maji laini yana njaa, potasiamu na magnesiamu ni kidogo mno humo. Kriptokorine ukiihamisha inaweza kudondosha majani yote wiki ya kwanza, usiitupe, mizizi iko hai na itachipua. Ukitaka kitu cha kupendeza kweli tafuta yungiyungi jekundu, linapanda lenyewe kufuata mwanga mpaka majani yanaelea. Na mimea ya kuelea kama salvinia ndiyo rafiki mkubwa wa maji haya, majani yako hewani, hewa ya ukaa inaipata bure na rangi ya maji haiihusu kabisa, ila usiiache ifunike zaidi ya nusu ya tanki utawanyima mwanga wa chini, na ile ya kupunguza iache ikauke juani kabisa ndo uitupe, isifike mtoni wala ziwani, naomba sana, salvinia ikishika ziwa inalifunika lote.

Taa masaa 7 au 8 kwa siku. Majani ya mkungu, moja kubwa kwa kila lita 40 hivi, badilisha yakianza kusambaratika, na maji badilisha robo kila wiki.

SWALI: Gogo jipya limeota utando mweupe kama kamasi. Nilitoe?

JIBU: Hapana. Ni bakteria na kuvu wanakula sukari iliyobaki kwenye mti, wiki chache unaisha. Kamba wadogo na konokono wanaula. Ukikukera, ufute kwa brashi wakati wa kubadilisha maji.

SWALI: Java feni yangu ina vidoti vyeusi vimepangana chini ya majani, na majani mengine yanaota vinyweleo kwenye ncha. Naogopa ni ugonjwa, niyakate?

JIBU: Dada, usikate! Vile vidoti vilivyojipanga ni vibegi vya spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana, kangaga nyingi ziko hivyo, na hivyo vinyweleo ni mizizi ya watoto. Jani kuukuu likianza kuchoka linazaa vimmea vidogo juu yake. Subiri kila kimoja kiwe na majani matatu manne, kibandue kwa vidole taratibu, kifunge kwenye kijiti chake. Jani la kukata ni lile lenye mabaka makubwa ya kahawia yanayopitisha mwanga ukilishika, hilo limekufa.