Jumamosi ni zamu ya nani?

Dada yangu, umeuliza kama unadai mno kwa kutaka mpenzi wako naye aje kwako. Hudai mno. Miaka miwili, kila Jumamosi unapanda matatu Rongai, unashuka mjini Nairobi, unavuka kutafuta gari la Thika Road, ufike Roysambu umfulie na kumpikia. Yeye hata rangi ya geti lenu haijui!

Mimi sipendi mapenzi ya daftari, ya kuhesabu nani alituma M-Pesa ngapi. Wengine hawana pesa ila wana moyo. Ulipougua alikuja? Mama alipolazwa alipiga simu? Angalia hapo kabla ya mfuko wake. (Ingawa mvua ikinyesha nauli hupanda, na hilo analijua.)

Unasema hujawahi kumwambia waziwazi. Basi Jumamosi hii usiende. Usinune, usizime simu. Mwambie tu, "Wiki hii ni zamu yako, nitapika chapati." Akija, mengine mtaongea mkila. Akilalamikia msongamano wa magari, mkumbushe umeukalia miaka miwili. Akikosa Jumamosi tatu mfululizo, nauli hiyo ipeleke kwa mama.