Kikao cha kikoba kinachokula masaa matatu

Dada, kama kikao chenu cha kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinakula masaa matatu na wanaoongea ni walewale wawili, shida ni mpangilio, wala si midomo yao. Anzeni na hesabu: hisa, mfuko wa jamii (ule wa kusaidiana kwenye shida), marejesho, mikopo, kisha sanduku la pesa lifungwe kufuli zake tatu. Mjadala uje baadaye, hoja zisizidi mbili. Mwenyekiti asiulize "kuna mwenye swali?", watanyoosha mikono walewale. Awagawe watano watano, wajadiliane dakika 10, na kila kundi lisemewe na mtu ambaye hajafungua mdomo siku hiyo. Faini ya kuchelewa imguse hata mwenyekiti (hasa yeye!). Katibu asome maazimio kabla watu hawajanyanyuka.