Printa inakwama kwenye PDF za kuskani

SWALI: Printa yetu ya leza ina memori ya MB 128. Barua hutoka upesi, lakini mkataba wa rangi wa kurasa 40 tulioskani huchukua dakika kadhaa kwa kila ukurasa, na mara nyingine hutoka nusu ukurasa na ujumbe wa kuishiwa memori. Tununue printa nyingine? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Msinunue bado. Barua hufika kwenye printa kama herufi na maelekezo machache. Ukurasa ulioskaniwa ni picha nzima. A4 ya rangi kwa nukta 600 kwa inchi ina nukta karibu milioni 35, na kila nukta hubeba baiti 3: zaidi ya MB 100 kabla ya kubanwa. Kwa nukta 300 ni takriban MB 26, kwa rangi ya kijivu MB 9 tu, na maandishi bado yanasomeka vizuri. Kwa hiyo rekebisheni mipangilio ya skana kwanza (nukta 300, rangi ya kijivu), hapo ndipo penye tatizo.

Faili lililokwisha skaniwa lifungueni kwa Adobe Acrobat Reader: Print, kisha Advanced, wekeni alama kwenye “Print as Image” na mchague nukta 300. Likikwama tena, chapisheni kurasa 5 kwa mkupuo, au jaribuni draiva (programu inayounganisha kompyuta na printa) ya PCL 6 badala ya PostScript; hizo ni lugha mbili za kuielekeza printa.

Mkiongeza memori, hakikisheni kiasi kipya kinaonekana kwenye mipangilio ya draiva. Baadhi ya draiva huendelea kuhesabu kile cha zamani.