Jibu: Kuhamisha seva kutoka Frankfurt

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuhamisha programu yako ya maduka ya Kariakoo kutoka kwenye seva (kompyuta zinazoiendesha) zilizoko Frankfurt, Ujerumani. Mimi nasema hamisha, ipeleke Afrika Kusini, karibu zaidi na maduka. AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha seva) wapo Cape Town tangu 2020, Google Cloud (huduma kama hiyo ya Google) nao wakafungua Johannesburg 2024. Ila ukaribu peke yake hautoshi, njia ya data inategemea mtandao wa mteja, kwa hiyo pima kasi ukiwa dukani kwenyewe, kwa laini wanayotumia wao.

Kingine, kagua anwani za IP (namba zinazotambulisha kila seva mtandaoni). Tangu Februari 1, 2024, AWS wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma (inayofikika kutoka intaneti) ya IPv4, aina ya zamani ya anwani hizo, iwe inatumika au haitumiki. Kwa mwezi inakaribia dola 3.6 kila moja! Kanzidata (hifadhi ya taarifa za programu) haihitaji anwani hiyo kabisa, iache mtandao wa ndani.