Kona ya Bi Shamba: Mchicha wa kwenye ndoo iliyopasuka

Mwezi huu barua zimejaa watu wanaoanza kupanda nyumbani, sijui ni bei ya mboga au ni uchovu wa kushinda kwenye simu, vyovyote vile karibuni. Nimechukua tatu tu, na ya kwanza ntaijibu kwa urefu maana humo ndani yamo makosa ambayo karibu sote tumeshayafanya.

SWALI: Shikamoo Bi Shamba. Mimi ni mpangaji huku Sinza, vyumba viwili na kibaraza kidogo ambacho kazi yake ilikua kuanikia nguo tu. Sijawahi kulima kitu maishani, hata shuleni siku za shamba nilikua najifanya naumwa tumbo. Mwezi wa tano ndoo yangu ya maji ilipasuka chini, nikaona uvivu kuitupa, nikaijazia udongo nikamwaga mbegu za mchicha nilizonunua sokoni, basi, wala sikutegemea kitu. Siku ya nne naamka nakuta vijani vidogo kama nyuzi, jamani nilipiga picha nikarusha kwenye grupu la familia utadhani nimejifungua tena. Wiki ya nne tukaula na ugali na dagaa, na mume wangu aliyekua ananicheka ndo aliyeongeza mara mbili. Sasa nimenogewa, nimenunua miche minne ya nyanya nimeipanda kwenye beseni jipya zuri, na mnanaa pembeni humohumo, namwagilia asubuhi mchana na jioni sijakosa hata siku moja. Lakini nyanya majani ya chini yanakua ya njano, na mmoja umelala kabisa wakati udongo umelowa chapachapa. Nakosea wapi, au nina gundu?
*Mama Mapacha, Sinza, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Gundu huna. Ila hebu nikuulize kwanza, hilo beseni jipya zuri ulilitoboa chini? Maana naona barua yako ina kila kitu isipokua matundu. Ile ndoo ya mchicha ilikufanikisha kwa sababu ilikua imepasuka! Maji yaliyozidi yalikua yanajitokea yenyewe chini wewe hata hujui, sasa umehamia kwenye beseni zima ambalo halivuji na huku kopo la maji halikai chini, kwahiyo nyanya zako zinazama.

Ntakueleza inavyokua. Mizizi nayo inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna vinafasi vya hewa, ukivijaza maji kutwa mara tatu hewa yote inatoka, mizizi inaanza kuoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa hata ukiuwekea bahari, ndo maana unaona mche umelegea kama una kiu wakati umesimama kwenye tope, na wewe ukiuona umelegea unakimbilia kikombe kingine. Hapo ndo wengi wetu tunawamaliza wenyewe kwa huruma.

Leo hii fanya hivi. Ing'oe ile miche mitatu iliyobaki taratibu na udongo wake, kila mmoja uuhamishie kwenye ndoo yake ya lita 20, na kabla ya kuweka udongo toboa matundu matano sita chini kwa msumari wa moto. Beseni moja kwa nyanya nne ni kama familia nne kwenye chumba kimoja, wataishi lakini hawatapatana. Udongo mtupu wa kuchimba uwanjani hua unagandamana kwenye ndoo mpaka unakua tofali, changanya makopo mawili ya udongo na kopo moja la samadi iliyokaa muda mrefu na kopo moja la mchanga au pumba za mpunga. Na samadi nasema iliyokaa, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu kali. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilichukua ya kuku mbichi bandani, nikaijaza kwenye miwaridi mitatu niliyoipenda sana, ndani ya wiki ikawa kama imepitiwa na moto, mama yangu akaniuliza ulikua unapanda au unachoma.

Kuhusu maji sahau saa, tumia kidole. Kichomeke kwenye udongo mpaka pingili ya pili, kikitoka na unyevu achana nao, kikitoka kikavu mwagilia mpaka uone maji yanatoka chini, halafu basi mpaka siku kidole kitakapokwambia tena. Asubuhi ndo vizuri, na mwagilia kwenye shina sio juu ya majani, majani yakilala mabichi magonjwa ya ukungu yanapenda. Usije pia ukaruka upande wa pili ukaacha udongo ukauke kabisa siku nne alafu uufurikishe, nyanya ikiyumbishwa hivo hua inaoza kitako, utaona tunda zuri juu na chini doa jeusi, hapo inakua imeshindwa kubeba madini ya kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye udongo mpaka kwenye tunda.

Majani ya chini kua njano yanaweza kua hayo maji, yanaweza kua njaa pia. Ukishahamisha subiri wiki mbili, ukiona ya juu yanatoka ya kijani na ya chini mengine yanazidi kugeuka njano ongeza kiganja cha samadi juu ya udongo. Yale yaliyokwisha geuka usiyasubirie yarudi, yakate.

Alafu jua. Mchicha unavumilia kibaraza chenye kivuli kidogo, nyanya hapana, inataka jua la moja kwa moja kama saa sita kwa siku. Ukiona kibaraza chako kinapata chini ya hapo, kwa upendo kabisa nakushauri uache nyanya upande pilipili mbuzi moja na mchicha mwingi. Bahati yako umezipanda wakati wa kipupwe. Huku pwani mtu akipanda nyanya zikaja kutoa maua kwenye kaskazi, Januari Februari, usiku wenyewe hua moto mpaka maua yanadondoka bila kushika tunda, na mtu anadhani karogwa.

Mnanaa utoe humo uupe kopo lake. Ni mgeni anayekuja na mkeka, ukimwachia kona anatambaa kwenye chumba chote. Wenyewe unapenda unyevu na kivuli cha mchana kwahiyo hilo penzi lako la maji angalau lipate pa kwenda. Na usinunue mwingine, kata kitawi ondoa majani ya chini weka kwenye glasi ya maji dirishani, ndani ya wiki moja au mbili kitakua na mizizi.

Na mchicha usiuache ukaona umeshafuzu! Mwaga mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili kwenye chombo tofauti ili ukimaliza huu ule unafika, na badala ya kung'oa kata ukiacha vidole vitatu vya shina, unachipua tena pembeni unakula mara ya pili na ya tatu.

Na kama siku hizi ukiamka unakwenda kuchungulia kabla hata hujapiga mswaki usione aibu, mimi nina miaka mingi kwenye hii kazi na bado nachungulia. Ila ukichungulia geuza na majani uangalie chini yake, huko ndo vidukari wanajificha. Ukiwakuta wapo wachache wapangusie kwa vidole, wakiwa wengi chukua lita moja ya maji na kijiko kidogo cha sabuni ya maji, nyunyiza jioni, kesho asubuhi suuza. Mengine tutaongea ukinitumia picha ya nyanya ya kwanza.

SWALI: Bi Shamba salaam aleikum. Niko Mombasa, nna sukuma wiki na vitunguu kwenye magunia nyuma ya nyumba, natumia maji ya kisima ambayo ni ya chumvi kidogo. Juu ya udongo pametokea weupe weupe na vitunguu havikui. Nifanyeje na maji ya mfereji yaja siku moja kwa wiki?
*Baba wa Magunia, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Huo weupe ni chumvi, maji yanakauka, chumvi inabaki, kila ukimwagilia unaongeza chumvi nyingine. Vitunguu na maharage havina ubavu na chumvi, vitoe. Sukuma inajitahidi, na spinachi ndo inavumilia zaidi kwahiyo mahali pa vitunguu weka spinachi. Ile siku ya maji ya mfereji usiyagawe kidogokidogo, chagua magunia mawili uyamwagie mengi mpaka yachuruzike chini yasafishe chumvi, wiki ijayo mawili mengine. Masika yakija kinga maji ya bati kwenye kila chombo ulichonacho mpaka sufuria za harusi. Na kama unafunika udongo kwa makumbi usitumie yale yaliyorowekwa baharini kwa ajili ya kamba, utakua unarudisha kilekile ulichokitoa.

SWALI: Habari Bi Shamba, mimi niko Leeds, Uingereza, baridi tupu na sina hata kibaraza. Nimenunua supamaketi kiua kidogo cha zambarau chenye majani ya manyoya, jirani yangu Mwingereza anasema kinatoka Afrika. Kweli? Na majani yameanza madoa.
*Mtoto wa Muheza*

JIBU: Wewe wa Muheza ndo unaniuliza! Hicho ni cha kwenu, milima ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikikuta huko akampelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakiandika kwa jina la Saintpaulia, na Wajerumani mpaka leo wanakiita urujuani wa Usambara. Kwao ni kwenye miamba yenye kivuli ndani ya msitu, kwahiyo kiweke dirisha lenye mwanga lakini jua kali lisikipige, na usiku wa baridi kisigusane na kioo.

Madoa ni maji baridi juu ya majani. Mimina maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, kiache kinywe nusu saa, yanayobaki mwaga. Ukitaka kuzidisha kata jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo, ndani ya miezi miwili mitatu utaona vitoto vinachungulia pembeni. Kimoja mpelekee huyo jirani, na mwambie Afrika ni kubwa, hiki ni cha Tanga.